Aulikki Ishirini na Tatu

Saa mbili asubuhi, na Oulu bado ni usiku.
Theluji imeziba dirisha langu la chini ya ardhi,
dirisha lenye upana wa kitabu kilichofunuliwa.
Simu ya kwanza: printa ya ghorofa ya tatu imekula karatasi.
"Imekula tena," wanasema, kama watu wanaofuga joka
na kusahau kulilisha.

Napanda na bisibisi. Nafungua ubavu wake,
natia mkono hadi kiwiko,
natoa ankara ya maji ya mtu wa mtaa wa Tuira,
imekunjamana, ina joto bado.
Sisemi kitu. Nusu ya kazi hii ni kunyamaza,
nusu ya pili ni kuzima na kuwasha.

Begini mna juzuu ya nne kati ya saba:
ramani mbele, na nyuma orodha ya wafalme waliouana.
Kurasa ishirini kwenye basi la asubuhi, ishirini la jioni.
Jarkko, wa meza ya pili, huniuliza:
mtu mzima wa miaka arobaini na sita, joka la nini?
Nami humjibu: wewe je,
si ndiye unayeapa kwamba mafaili yetu yako kwenye wingu?

Katika nchi ya kitabu hiki milango haina funguo.
Mtu hunong'oneza mbao jina la ampendaye,
na mlango humfahamu.
Nilidhani mwandishi ametia chumvi.
Kisha nikaikumbuka kazi yangu.

Maana watu hunitajia. Nawakataza, wananitajia,
kwa sauti, mbele ya mashine ya kahawa:
jina la mbwa aliyekufa,
la kijiji cha bibi kilichobaki ng'ambo ya mpaka,
na mmoja, simsemi nani,
jina la mkuu wa idara, na moja mwishoni.
Nasahau yote. Ni kiapo ambacho hakuna aliyeniapisha.

Alhamisi akapiga Ilpo Kettunen wa kituo cha pampu,
sauti kama changarawe.
Amefungiwa nje, mara ya tatu wiki hii.
"Kila siku tisini mfumo unataka neno jipya.
Mimi sina neno jipya."
Ongeza namba, nikamwambia, kama wote.
"Nimeongeza. Nimefika ishirini na tatu."
Nyuma yake pampu zilikoroma.
"Aulikki ishirini na tatu," akasema,
kama anayemtaja malkia wa ukoo mrefu.
"Sasa unaniambia linafanana mno na lililopita."

Nikapiga hesabu. Karibu miaka sita.
Nilikumbuka matanga; tulichangia maua,
mimi nilitoa yuro tano.

Ndani ya akaunti ya kila mtu kuna kisanduku kidogo:
nenosiri lisiishe muda.
Hakiguswi bila sahihi mbili.
Nikakigusa.

"Jaribu sasa. Bila namba."

Akachapa kwa kidole kimoja. Herufi saba,
nilizihesabu kwa mlio.
"Ah," akasema Ilpo. Basi.

Kwenye tiketi nikaandika: tatizo, nenosiri;
ufumbuzi, kuzima na kuwasha.
Jarkko akalalamika kwamba kahawa ina ladha ya kebo.
Saa nane mchana jua, lile dogo tulilopewa, likaondoka.

Kwenye basi nilisoma sentensi moja mara nne.
Juzuu hii ina bawabu wa kuwafungulia wafiwa;
hana upanga, na kwenye orodha ya nyuma hayumo.

Usiku nikasimama mbele ya mlango wangu na soksi miguuni.
Nilijiona mjinga. Nikanong'ona hata hivyo.
Jina silitaji.
Komeo likalia,
kama linavyolia kila usiku.